Namna ya Kuombea Ruzuku ya Serikali Kinga za Akili Unde ya Kisayansi

Andiko la kwanza la mradi nililowasilisha kwa mfadhili wa umma lilirudishwa kwa sababu ya sentensi moja. Nilikuwa nimejaza kurasa nyingi kuhusu modeli ya akili unde, yaani programu inayojifunza kutokana na data, itakayochambua sumu za viumbe wa bahari, kisha karibu na mwisho nikaandika kwamba hatua zinazofaa zitachukuliwa kuzuia matumizi mabaya. Mkaguzi aliuliza pembeni: hatua zipi, nani atazichukua, na kwa shilingi ngapi? Tangu siku hiyo, kila ninapokaa na watafiti wenzangu hapa Tudor, Mombasa, kuandika maombi, tunaanzia kwenye maswali hayo.

Hatua ya 1: Taja madhara kabla ya kutaja kinga

Chukua mradi wa kubuni dawa za maumivu kutokana na sumu ya konokono wa bahari wenye gamba la umbo la pia, wanaopatikana katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi. Faida yake iko wazi, kwa kuwa dawa ya ziconotide, iliyotokana na sumu ya konokono wa jamii hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hata hivyo, modeli inayojua kuepuka molekuli yenye madhara inaweza kugeuzwa ili iitafute. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Collaborations Pharmaceuticals ya Marekani walieleza jinsi walivyoigeuza modeli yao ya kutafuta dawa ili ipendelee sumu badala ya kuikwepa. Kwa muda usiofika saa 6 ikatoa molekuli 40,000, na miongoni mwazo ilikuwamo VX, sumu ya neva iliyotengenezwa kuwa silaha.

Andika sentensi moja inayosema ni nani, akiwa na ujuzi na vifaa gani, anaweza kufanya nini kwa modeli yako ambacho asingekiweza bila hiyo. Kipande hicho cha mwisho ndicho kigumu na wengi hukiruka, ilhali bila hicho mkaguzi hawezi kujua kama hatari inatoka kwenye modeli au tayari imo vitabuni.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuweka kinga

Kinga inaweza kuwekwa kwenye data, kwenye ruhusa ya kutumia modeli, au kwenye mlango wa mwisho ambapo matokeo hugeuka kuwa kitu cha kushikika. Waundaji wa Evo 2, modeli ya jenomu (jumla ya taarifa za urithi za kiumbe) iliyotolewa mwaka 2025, waliondoa katika data ya mafunzo jenomu za virusi vinavyoshambulia binadamu, wanyama na mimea. Kwenye mlango wa mwisho, kampuni zinazotengeneza DNA kwa oda hukagua wanachoagizwa. Lakini mwaka huohuo wa 2025 watafiti wa Microsoft walionyesha kwamba protini za sumu zilizoandikwa upya na akili unde ziliweza kupenya programu za ukaguzi, na hata baada ya programu hizo kurekebishwa, sehemu ndogo iliendelea kupenya. Kwa maoni yangu, ombi linalotegemea tabaka moja tu la kinga halistahili fedha za umma.

Hatua ya 3: Tafuta mfuko unaokufaa

Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti pamoja na NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ambayo hutoa leseni ya utafiti. Anza mapema kutafuta leseni hiyo na idhini ya kamati ya maadili. Nje ya nchi, Uingereza ilianzisha taasisi ya serikali ya usalama wa akili unde mwaka 2023, na ruzuku ilizotangaza mwaka 2024 zilifikia pauni 200,000 kwa mradi mmoja. Soma masharti ya uraia wa taasisi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mara nyingi fedha za aina hii hupitia kwa taasisi ya nchi inayotoa, na mtafiti wa Mombasa huingia akiwa mshirika.

Hatua ya 4: Ipe kinga bajeti yake

Hapa ndipo maombi mengi huangukia. Kila andiko ninalosoma linakumbusha kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali haina bei, na mkaguzi anataka bei. Usiifiche kinga ndani ya fungu la gharama nyinginezo. Weka mshahara wa mtu atakayepitia maombi ya watumiaji na kumbukumbu za matumizi, ukitaja saa zake kwa wiki. Weka ada ya wakaguzi wa nje watakaojaribu kuivunja kinga. Weka gharama ya kusafisha data na kufundisha modeli upya endapo usafishaji wa kwanza hautatosha. Kompyuta za kukodi hulipiwa kwa dola ilhali mishahara ni ya shilingi, kwa hiyo acha nafasi ya mabadiliko ya bei ya fedha. Tena, bajeti isiishe siku mradi unapoisha: modeli iliyo mikononi mwa watu inahitaji mlinzi baada ya ruzuku kukatika, na ni lazima uandike nani atamlipa.

Hatua ya 5: Eleza jinsi kinga itakavyoonekana imeshindwa

Panga kipimo kabla ya kuanza. Kwa mradi wetu wa konokono, wakaguzi wa nje wapewe siku maalumu za kujaribu kupata mapendekezo ya sumu, na andiko liseme kiwango ambacho kikivukwa, modeli haitatolewa.

Hatua ya 6: Punguza maelezo ya hatari

Andiko husomwa na watu wengi. Taja aina ya hatari, lakini usitaje mpangilio wa molekuli wala mbinu ya kuigeuza modeli. Mwombe mfadhili njia salama ya kuwasilisha kiambatisho cha siri. Kabla ya kutuma, mpe andiko mwenzako asiye wa fani yako, kisha mwulize maswali yale matatu ya mkaguzi. Akikwama kwenye lolote, rudi hatua ya nne.