Somo: Kuvusha intaneti bila waya kutoka nyumba moja hadi ya jirani

Wakuu, habari za leo. Nyumba yangu na ya mama hapa Rau, Moshi, zimeachana kama mita 120, katikati kuna migomba. Faiba iliishia kwangu. Kila jioni wajukuu wake walikuwa wanahamia kwangu na madaftari, mama anabaki peke yake na redio. Hilo liliniuma, nikatafuta njia.

Waya niliukataa mapema. UTP (waya wa shaba wa mtandao) mwisho wake ni mita 100, na hata nyumba zikiwa karibu zaidi, shaba inayounganisha nyumba mbili ni njia ya radi kutoka huku kwenda kule. Rauta ya kawaida nayo inatawanya mawimbi pande zote na kuta zinayala. Unachohitaji ni antena mbili za nje zinazotazamana. Mimi nilichukua TP-Link CPE510 mbili, za 5 GHz, kila moja na adapta yake ya umeme. Ongeza UTP ya nje (ile ya ndani jua la mwaka mmoja linaipasua), plagi za RJ45, koleo la kubania, mabomba mawili ya chuma, na rauta yoyote ya zamani ya kugawa WiFi upande wa pili.

Hatua ya 1: Kagua njia

Hapa ndipo wengi tunakosea. Nilipanda juu ya paa mwezi wa kwanza, nikaona ukuta wa mama kwenye upenyo wa migomba, nikaridhika. Kumbe kuona ukuta hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili. Kwa mita 120 na masafa ya 5 GHz, pale katikati panatakiwa pawe wazi kama mita 1.25 kila upande wa mstari, juu na chini pia.

Kiangazi nilikuwa napata -57 (hiyo ni nguvu ya mawimbi kwa dBm, ikikaribia sifuri ndivyo yana nguvu zaidi). Masika yakaingia, migomba ikatoa majani mapya, mvua ikikatika tu namba inaporomoka hadi -78 na simu za video zinaganda. Siku moja nilisimama chini ya mgomba huku naangalia namba kwenye simu. Upepo ukisukuma jani moja pembeni, -66. Jani likirudi, -77. Jani moja! Jani la mgomba limejaa maji, na maji yanameza mawimbi ya masafa haya. Nilimwomba mama tuukate, akasema mkungu haujakomaa. Nikaongeza mabomba mita 2 kila upande, na tangu hapo nasoma -56, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo kadiria njia yako kama itakavyokuwa mwezi wa nne.

Hatua ya 2: Panga mezani kabla ya kupanda

Zote mbili zinatoka kiwandani na anwani 192.168.0.254, kwa hiyo washa moja moja. Ipe kompyuta 192.168.0.10, fungua anwani hiyo kwenye kivinjari, na ubadilishe nenosiri la kiwandani hapo hapo. Ya kwako iweke modi ya Access Point (inayorusha), ulinzi WPA2. Ya pili ipe 192.168.0.253, modi ya Client (inayojiunga), itafute ya kwanza na uiunganishe. Zima DHCP (huduma ya kugawa anwani kwa vifaa) kwenye zote mbili. Anwani zitolewe na rauta yako kuu peke yake. Chagua chaneli ambayo majirani hawajaijaza, upana wa 20 MHz unatosha. Zikishaongea mezani, ndipo upande juu.

Hatua ya 3: Waya na umeme

Adapta ina matundu mawili. PoE (umeme na data kwenye waya mmoja) inakwenda kwenye antena, LAN inakwenda kwenye rauta. Usichanganye, volti 24 zinaweza kuunguza tundu la rauta. Umeme unapita kwenye nyaya za bluu na kahawia, hivyo taa isipowaka, kagua hizo kwanza. Kabla waya haujaingia ndani, uache ulegee chini kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje.

Hatua ya 4: Lenga

Mtu mmoja huku, mwingine kule, mnaongea kwa simu. Zungusha taratibu, subiri namba itulie, kisha kaza. Kati ya -50 na -65 ni salama.

Kwa mama, waya wa adapta uchomeke kwenye tundu la LAN la rauta ya zamani, wala si WAN (lile la kupokea intaneti). Izime DHCP, ipe 192.168.0.2.

Maswali ya wanachama

*Sakina: Mkuu, si bora 2.4 GHz, inapenya zaidi?*
Kwenye majani inavumilia zaidi, kweli. Ila mjini masafa hayo yamejaa WiFi za watu. Kama uko shambani na majirani ni wachache, CPE210 itakufaa.

*Njiro: Kuna ghorofa katikati.*
Hakuna antena ya bei hiyo itakayopita zege, ndugu yangu. Tafuta sehemu ya tatu inayoziona nyumba zote mbili, uweke jozi nyingine hapo.

*Majengo: Nasoma -35 lakini spidi inayumba.*
Mko karibu mno, zinapigiana kelele. Punguza nguvu ya kurusha hadi ufike -50 hivi.

*Kijenge: Naweza kuwauzia majirani?*
Kuuza huduma ni jambo la leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano). Na hata kwa ndugu, soma kwanza mkataba wako na anayekupa intaneti.

*Usa River: Umeme ukikatika, na radi je?*
Pande zote mbili ziwe na umeme, upande mmoja hausaidii. Antena inakula wati chache, betri ndogo inaibeba vizuri. Kuhusu radi, bomba liunganishwe na fito ya ethi, na mawingu yakianza kunguruma, chomoa adapta ukutani na waya wa LAN kwenye rauta. Mama nimemfundisha, anachomoa kabla yangu.