Somo: Gari Kupoteza Nguvu Likiwa Mwendoni, na Namna ya Kutafuta Chanzo

Gari linapopoteza nguvu barabarani, wengi wetu hukimbilia kubadilisha plagi, kisha chujio la mafuta, kisha pampu, na baada ya vipuri vitatu kununuliwa tatizo liko palepale. Somo hili linafuata njia nyingine: kujua kwanza ni wakati gani hasa nguvu inapotea, kisha kuipima injini ikiwa katika hali hiyohiyo inayoilemea. Injini inayonguruma vizuri gari likiwa limesimama haijatuthibitishia lolote kuhusu mlima.

Nianze na usalama. Injini ikizima kabisa ukiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hubakiwa na msaada wa kukanyagwa mara chache tu. Kwa hiyo washa taa za hatari, elekea pembeni, kisha kanyaga breki mara moja na uishikilie, bila kuipampu.

Hatua ya kwanza ni kumhoji dereva. Nguvu ikipotea mlimani au unapokanyaga mafuta sana, shuku mafuta yasiyotosha au ekzosi iliyoziba. Injini ikitikisika na kumisi, yaani silinda ikishindwa kuchoma mafuta yake, shuku plagi na koili inayozipa plagi umeme wa cheche. Tatizo likija injini inapopata moto na kuondoka inapopoa, koili na sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini, huwa za kwanza kuchunguzwa. Lakini mizunguko ya injini ikipanda huku mwendo hauongezeki, injini haina kosa: klachi au giaboksi inateleza. Sogeza pia kiganja karibu na kila rimu baada ya safari fupi, bila kuigusa, kwa kuwa rimu moja yenye joto kali kuliko nyingine ni dalili ya breki isiyoachia.

Hatua ya pili ni mashine ya kusoma makosa, nayo inahitaji busara, kwa sababu namba ya kosa si jina la kipuri kibovu. P0171, kwa mfano, husema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta, na uwiano huo unaweza kuvurugwa na mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, au pampu dhaifu. Ili kutofautisha, tazama kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza. Kikiwa kikubwa injini inapozunguka polepole na kupungua kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hewa inayopenya. Kikiwa cha kawaida polepole na kupanda unapokanyaga, tazama upande wa pampu, chujio na sensa ya hewa.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo hurukwa mara nyingi, ni kupima presha ya mafuta gari likitembea. Magari mengi ya petroli yenye nozeli kwenye njia ya hewa huhitaji kati ya baa 3 na 4 (baa ni kipimo cha presha), ingawa kipimo cha mwisho ni kile cha kitabu cha gari husika. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kubadilishiwa pampu, nalo lilisoma baa 3 kamili likiwa limesimama. Tulifunga geji nje ya kioo cha mbele, chini ya waipa, kwa kuwa mpira wenye petroli hauingizwi ndani ya gari kamwe, na mwenzangu akawa anausoma mshale. Mlimani ulishuka taratibu hadi chini ya baa 2, na gari likaanza kupoteza nguvu. Tulipopima umeme kwenye soketi ya pampu ikiwa inafanya kazi, tulipata volti 9.6, ilhali betri ilisoma 13.9. Kosa lilikuwa kwenye boliti ya ethi, inayounganisha waya wa hasi na bodi ya gari, chini ya zulia, iliyofunikwa na kutu ya kijani. Tuliisugua hadi chuma king'ae, tukaikaza, na presha haikushuka tena.

Presha ikiwa nzuri, nenda kwenye ekzosi. Toa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, yaani kile kisafishio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi, na ufunge geji ya presha kwenye tundu lake. Ikizidi psi 3 (takriban baa 0.2) kwenye mizunguko 2,500, njia imeziba. Masega hayayeyuki bila sababu: mara nyingi kuna silinda inayomisi na kupeleka mafuta yasiyoungua huko, na usipoitibu, masega mapya yatakufa vilevile.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, gari langu hukata nguvu baada ya nusu saa, nikisubiri kidogo linaendelea. Chujio ni jipya.

Jibu: Likikata tena, simama mahali salama, zima injini, na ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona papo hapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Kama si hivyo, pima presha ya mafuta na cheche wakati huohuo wa tatizo. Ukisubiri ipoe, ushahidi umeondoka.

Swali: Taa ya cheki injini inawaka na kuzima kwa kurudiarudia. Naweza kufika nyumbani?

Jibu: Tafadhali usiendelee, ndugu yangu. Kuwaka na kuzima huko ni onyo kwamba injini inamisi kwa kiasi cha kuharibu masega. Punguza mwendo, simama, na uliburute gari.

Swali: Langu ni dizeli yenye tabo, na kosa ni P0299.

Jibu: Presha ya tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, haifikii kiwango. Kabla ya kuilaumu tabo yenyewe, kagua mipira yake ya hewa. Palipopasuka huwa na unyevu wa oili. Kisha kagua mipira myembamba ya vakyumu, ikiwa gari lako linaitumia.

Swali: Sensa ya hewa naweza kuiosha kwa petroli na brashi?

Jibu: Hapana. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hiyo, usiguse uzi wake kwa kitu chochote, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.