Pasta ya vegani kwa mkono: unga, maji na subira

Geuza pakiti ya pasta kavu iliyoko kabatini mwako usome viambato. Mara nyingi utakuta semolina (unga wa chengachenga) ya ngano ngumu na maji, basi. Italia ilitunga sheria mwaka 1967 inayotaka pasta kavu itengenezwe kwa ngano ngumu, na yai halimo mpaka mtengenezaji aamue kuliweka na kulitaja. Kwa hiyo anayeniuliza kama pasta isiyo na yai "itakuwa pasta kweli", humjibu kwamba ameshaila miaka yote.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiondoa yai huanza kuhangaika kulitafutia mrithi. Wifi yangu, aliyekuwa vegani kabla yangu, yaani aliyeacha vyote vitokavyo kwa mnyama, alikuwa akijaribu mara mbegu za kitani zilizosagwa, mara maji ya dengu za kopo, mara tofu. Donge lake lilitoka na madoadoa, na likiingia kwenye maji ya moto linalegea. Mbegu za kitani zina kazi yake kwenye keki, humu hazina.

Hebu tazama yai lenyewe linaleta nini. Yai moja bila ganda lina gramu 50 hivi, na takriban robo tatu yake ni maji. Kinachobaki ni mafuta ya kiini, yanayolainisha, na protini zinazoganda kwenye joto na kuishika pasta isifumuke. Maji unayo bombani. Kazi ya kushika tunaikabidhi gluteni, ule utando unaojengeka pale protini za ngano zinapokutana na maji na kukandwa. Ndiyo maana kwenye pasta ya maji matupu, unga uliouchagua na muda uliokanda huwezi kuvificha.

Unga

Nunua semolina ya ngano ngumu iliyosagwa laini. Kwenye pakiti za Kiitaliano tafuta maneno "semola rimacinata". Ni semolina iliyorudishwa kinuni ikasagwa tena. Ina rangi ya manjano hafifu, na ukiisugua kati ya vidole unahisi chembechembe ndogo sana. Semolina ya chenga kubwa, ile ya uji na keki, hunywa maji polepole. Kama ndiyo pekee uliyonayo, isage kwenye blenda kavu, au ichanganye na maji uiache dakika 20 kabla ya kuanza kukanda.

Unga mweupe wa kawaida pia unafaa, ila donge lake ni laini zaidi na pasta yake hupenda kulegea ikipita muda kidogo jikoni. Mimi nikiutumia huuchanganya nusu kwa nusu na semolina. Pasta ya yai ilishamiri kaskazini mwa Italia, hasa Emilia-Romagna, kwenye ngano laini. Kusini, kama Puglia, wamekanda ngano ngumu na maji kwa vizazi. Tunaiga kusini.

Vipimo

Kwa watu wanne: semolina gramu 400, maji vuguvugu gramu 200. Nusu ya uzito wa unga, hiyo ndiyo kanuni yote. Nasema gramu za maji kwa makusudi, kwa kuwa kikombe kinadanganya. Kijiko kikubwa kimoja cha maji ni mililita 15, na kwa kiasi hiki cha unga hicho kimoja kinatosha kulihamisha donge kutoka gumu hadi la kunata. Weka bakuli juu ya mizani, mimina, soma namba.

Chumvi sitii kwenye donge, inatosha ile ya maji ya kuchemshia. Mafuta nayo siweki. Kijiko cha mafuta ya zeituni hulifanya donge liteleze vizuri mkononi, na wapo wanaoyapenda, lakini mafuta hupunguza nguvu ya gluteni, na sisi hatuna nguvu ya ziada ya kugawa.

Kukanda

Ukitazama video utaona mlima wa unga mezani wenye shimo katikati. Unapendeza. Mimi natumia bakuli, kwa sababu ukuta wa unga ukipasuka maji hukimbilia sakafuni na si video inayopiga deki.

Mimina maji robo tatu kwanza, koroga kwa uma mpaka upate chenga zilizolowana, kisha ongeza yaliyobaki kidogo kidogo huku ukitafuta sehemu kavu. Hapo donge litaonekana halitashikana. Litakuwa linamomonyoka, na chini ya bakuli kutabaki unga mkavu. Usiongeze maji! Kusanya kila kitu kwa mikono, kandamiza, mwaga kwenye kibao na uanze.

Sukuma kwa kitako cha kiganja, mbali nawe. Likunje lirudi kwako, lizungushe robo, sukuma tena. Uzito utoke begani. Ukitumia viganja peke yake utachoka mapema. Dakika tatu za mwanzo donge lina ngozi iliyopasukapasuka na mikunjo haifungi. Kwenye dakika ya tano hivi mipasuko huanza kuziba. Kuelekea dakika ya kumi ngozi inakuwa nyororo, chembechembe hazihisiki tena, na kibao kinabaki safi chenyewe bila kunyunyiziwa unga. Ukilibonyeza kwa kidole, tundu linapanda polepole. Ugumu wake uwe kama wa ndewe ya sikio: lishike sikio lako, kisha ulishike donge.

Likiendelea kumomonyoka baada ya dakika nne za kazi ya kweli, lowesha vidole na uendelee kukanda. Rudia ikibidi. Likinata, nyunyiza semolina kijiko kimoja. Marekebisho yote ni ya vidole na vijiko, kikombe kikae mbali.

Kulipumzisha

Lifunge kabisa kwa plastiki, au lifunike kwa bakuli lililopinduliwa, kwa nusu saa angalau. Saa nzima ni bora. Wakati huo maji yanaendelea kupenya kwenye chembe za semolina na gluteni iliyokazwa na kukanda inalegea. Donge ambalo halikupumzika ukilisukuma linarudi lilikotoka.

"Wifi, mbona linanikataa?" aliniuliza siku alipokuja kukanda kwangu.

"Liache, wifi. Hata wewe ungekataa."

Alipolifungua baadaye lilikuwa laini kuliko alivyoliacha, na hakuna aliyeongeza kitu.

Usilalishe donge bichi kwenye friji ukidhani unajisaidia. Vimeng'enya vya unga hulifanya liwe la kijivu, hasa kama kuna unga mweupe ndani. Linalika, lakini halivutii. Ni afadhali uunde pasta siku hiyohiyo kisha uihifadhi ikiwa tayari.

Kuunda bila mashine

Hapa ndipo pasta ya maji inapoipita ile ya yai kwa raha. Donge hili gumu linakubali maumbo ya vidole, na huhitaji kifaa chochote zaidi ya kibao cha mbao. Kibao kiwe cha mbao hasa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Juu ya marumaru au chuma donge linateleza badala ya kujikunja.

Anza na cavatelli. Kata kipande cha donge, rudisha lililobaki chini ya plastiki, na viringisha kipande chako kwa viganja mpaka kiwe kamba yenye unene wa sentimita moja. Ikate vipande vya sentimita moja na nusu. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kipande kimoja upande ulio mbali nawe. Bonyeza, na bila kuachia, vuta kuja kwako. Kipande kinatandazika chini ya vidole, kisha ukingo wake unanyanyuka na kujifunga, na unabaki na kombe dogo lenye uvungu ndani na alama za mbao mgongoni. Uvungu unabeba mchuzi, na mgongo uliokwaruzika unaushika usiteleze.

Ikiwa kipande kinatandazika bila kujikunja, umebonyeza mno au donge lina maji mengi. Ikiwa kinabingirika tu, hukubonyeza vya kutosha, au umemwaga unga kibaoni. Kibao cha cavatelli hakinyunyiziwi. Unga unaunyunyiza kwenye trei ya kuzipanga zikishaundwa, na uwe semolina, maana unga mweupe hugeuka gundi. Mwanangu wa pili ndiye fundi wa hizi. Vidole vyake vyembamba vinatoa makombe madogo ninayoyaonea wivu, na mdomo wake haufungi kazi nzima.

Orecchiette, zenye umbo la sikio dogo, zinataka mazoezi zaidi. Kamba ileile na vipande vilevile, ila unavuta kipande kwa kisu butu cha mezani, kisha unakipindua juu ya ncha ya kidole gumba ili upande uliokwaruzika uje nje. Huko Bari, mji wa Puglia, kwenye kichochoro cha Arco Basso, wanawake huziunda mbele ya milango yao kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Wewe nenda polepole.

Ukitaka kitu kirefu, tengeneza pici za Toscana. Hizi nazipenda kwa unga wa nusu kwa nusu. Sukuma donge liwe bapa la unene wa milimita 5 hivi, kata mistari ya upana huohuo, kisha viringisha kila mmoja kutoka katikati kwenda nje mpaka uwe mrefu na mwembamba, milimita 3 au 4. Zikipishana unene usijali.

Tagliatelle, pasta za utepe, nazo zinawezekana kwa kijiti cha kusukumia na kisu, lakini usiende chini ya milimita 1.5. Bapa jembamba kuliko hapo, bila yai, huchanika ukilinyanyua. Liache likauke dakika kumi kila upande, nyunyiza semolina, kunja, kata.

Kuchemsha

Lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za pasta, gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Mafuta kwenye maji ni hasara, yataelea tu. Maji yakichemka sana, tikisa pasta kwenye chujio unga wa ziada udondoke, itumbukize, na ukoroge kwa mwiko katika nusu dakika ya kwanza, kwani ndipo inaposhikana.

Itaelea mapema. Kuelea si kuiva. Tagliatelle zionje baada ya dakika 2, cavatelli na pici baada ya dakika 4, orecchiette hivyohivyo, na ziendelee hata dakika 6 au 7 zikiwa nene. Kata moja katikati: ukiona kiini cheupe cha unga, bado. Pasta hii ina utafunaji wake, inakaza kidogo kwenye jino hata ikiwa imeiva sawasawa.

Kabla ya kuchuja, teka kikombe kizima cha maji ya sufuria. Yamejaa wanga, na ndiyo yatakayounganisha mchuzi wako.

Mchuzi na kile kinachochukua nafasi ya jibini

Chemsha brokoli kwenye maji yaleyale mpaka ilainike kupita ilivyozoeleka, iopoe, kisha pasta ifuate. Pembeni, kwa moto mdogo, weka vijiko vinne vya mafuta ya zeituni, punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba na pilipili kavu. Kitunguu kikianza kupata rangi, tia brokoli uiponde kwa mwiko, mwagia maji ya pasta nusu kikombe, ingiza pasta, na uitikise kikaangoni kwa nguvu dakika moja. Mafuta na wanga vitashikana kuwa mchuzi mzito unaong'aa. Ukiwa mkavu ongeza maji, ukiwa mwepesi endelea kutikisa.

Juu yake nyunyiza chenga za mkate mkavu zilizokaangwa kwa mafuta na chumvi mpaka ziwe za rangi ya dhahabu. Ni desturi ya kusini mwa Italia, na kwangu inashinda jibini nyingi za kuigiza nilizoonja. Soma tu viambato vya mkate wenyewe, mwingine una maziwa.

Kuhifadhi

Iliyoundwa na haijachemshwa hukaa friji siku moja au mbili, kwenye trei yenye semolina, imefunikwa kwa kitambaa. Zaidi ya hapo itumie friza: ipange isigusane, iache igande, ndipo uimimine kwenye mfuko. Siku ya kupika iende moja kwa moja kutoka friza hadi kwenye maji yanayochemka na uiongezee dakika moja au mbili. Ukiiacha iyeyuke kwanza, itashikana bonge moja, na utalazimika kukanda upya.