Punda aliyeugua laminitisi: usimrudishe kwenye mzigo mapema

Kila mwaka mtama na mahindi vikishaanikwa uwanjani, simu ninazopigiwa hufanana. "Punda wangu hataki kutembea, anaegemea nyuma kama anataka kukaa." Mara nyingi fimbo imeshatumika kabla ya simu, kwa kudhani ni ukaidi. Punda huyo hana ukaidi wowote. Usiku alikata kamba, akala nafaka mpaka kukakucha, na sasa kwato zinamuuma kutoka ndani. Hiyo ndiyo laminitisi.

Ndani ya ukwato kuna mfupa ulioshikwa na ukuta wa ukwato kwa vikunjo vyembamba vinavyoingiliana kama meno ya vitana viwili. Kwenye laminitisi vikunjo hivyo huvimba, na kwa kuwa ukwato ni mgumu, havina pa kutanukia. Vikilegea, mfupa huanza kuinamia chini kuelekea unyayo. Hapa Dodoma chanzo ninachokiona zaidi ni nafaka nyingi kwa mkupuo. Vipo na vingine: pumba za kila siku kwa punda aliyenenepa, majani mabichi ya mvua za Desemba, kondo la nyuma lililobaki tumboni baada ya kuzaa, na mizigo mizito kwenye barabara ngumu.

Siku za mwanzo ni za daktari wa mifugo, kwa sababu punda anahitaji dawa ya maumivu kwa kipimo kinachomfaa. Sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria ambayo wengi huikimbilia, haitibu uvimbe huu. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, nayo ikae mbali kabisa, maana inaweza kuuamsha ugonjwa upya. Ninachotaka tukizungumze zaidi ni miezi inayofuata, pale punda anaposimama vizuri kidogo na mwenye punda ameshachoka kununua maji ya mkokoteni wa jirani. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Anza na mahali anaposimama. Ardhi yetu ikikauka huwa ngumu kama saruji, na kila hatua humtonesha. Chota mchanga mkavu wa korongo, uumwage kivulini kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Mchanga huingia chini ya unyayo na kuubeba wote, badala ya uzito kubaki kwenye ukingo wa ukwato peke yake. Mwache alale atakavyo, wala usimwinue ili "anyooshe miguu". Chakula kiwe kwenye beseni au gunia lililotandikwa, asije akameza mchanga ukamletea msokoto wa tumbo.

Kwenye chakula pumba, mahindi, machicha ya pombe na molasi viondoke kabisa. Mpe nyasi kavu za kiangazi, mabua ya uwele au ya mahindi yaliyokauka vizuri, yasiyo na punje wala ukungu. Machipukizi mabichi ya mtama usimpe, yana sumu. Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo 2 hadi 2.5 za malisho makavu kwa siku, yagawanywe mara tatu au nne, na maji safi yawepo muda wote.

Lakini kumpunguzia si kumnyima. Punda mnene akikatiwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu, ini likashindwa, naye hufa upesi. Na si njaa pekee inayomfikisha huko, upweke pia. Niliwahi kushauri punda jike mmoja wilayani Chamwino atengwe ili apumzike vizuri, mwenzake waliyekuwa wakivuta pamoja akapelekwa boma la pili. Siku ya pili aligoma kula, kichwa chini, masikio yamelala. Tulimrudisha mwenzake jioni ile, akasimama ubavuni kwake, na haikupita saa nzima jike akaanza kutafuna mabua. Tangu hapo sishauri tena kumtenga mgonjwa. Waweke wawili, hata kama mwenzake ni mzima. Punda akikataa kula siku nzima, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Jifunze pia kumpima kwa mkono. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, pembeni kidogo. Mguu ukiwa mzima, mapigo ya damu utayatafuta. Ukwato ukiwa umevimba, yanagonga vidole bila kutafutwa. Fanya hivyo kila asubuhi, maana punda ni hodari wa kuficha maumivu, na asiyechechemea si lazima awe amepona.

Ukwato hukua taratibu, chini ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukuta mpya hufika chini baada ya karibu mwaka. Utaona pete zimejichora, pana zaidi kisiginoni kuliko mbele. Hiyo ni kumbukumbu ya ugonjwa. Mpunguzaji kwato mwenye uzoefu apite kila wiki sita hadi nane, apunguze ncha ya mbele kidogo kidogo kwa tupa, bila kuchonga unyayo. Panga la nyumbani lisiguse ukwato huu. Akichechemea ghafla mguu mmoja, kuna uwezekano ni jipu chini ya unyayo, ambalo hutokea sana baada ya laminitisi. Mwite daktari alitumbue.

Akimaliza angalau mwezi mzima bila dawa na bila maumivu, mtembeze kwenye udongo laini kwa dakika tano, bila mzigo. Kesho yake pima mapigo. Yakigonga, rudi kwenye mchanga. Yakitulia, ongeza dakika chache kila wiki. Mzigo uje mwisho kabisa, na mpunguzaji kwato aukubali kwanza ukuta mpya.

Siku hiyo ikifika, hesabu upya madumu. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji. Madumu manne mgongoni ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa punda wa kilo 150, na mgongo wake haupaswi kubebeshwa zaidi ya theluthi moja ya uzito huo, yaani kama kilo 50. Madumu mawili, moja kila upande, na safari ya pili iwe jioni jua likishapoa.