Usinisimulie Hadithi: Kutoka Kusoma Hadi Insha ya Kushawishi

Rundo la insha likifika mezani kwangu, sentensi ya kwanza huwa naijua kabla sijafungua daftari: "Tamthilia hii inahusu..." Kisha inafuata ploti nzima, kurasa mbili, toka pazia linapofunguliwa mpaka anapokufa wa mwisho. Mwanafunzi amesoma, hilo silikatai. Lakini hata mimi nimeisoma hiyo tamthilia. Nilichomwomba ni kile nisichokijua: yeye ameona nini humo, na kwa nini nimwamini.

Hapo kwenye "kwa nini nimwamini" ndipo mwitikio wa fasihi, yaani kuandika ulichokiona katika kazi uliyoisoma, na insha ya kushawishi vinapokutana. Mitaala huvifundisha kama mada mbili. Mimi huvifundisha pamoja. Na katika mwongozo huu nitatumia kipande kimoja tu mwanzo hadi mwisho: hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Caesar, Tendo la Tatu, Onyesho la Pili, katika tamthilia ya Shakespeare iliyopanda jukwaani London mwaka 1599. Mwalimu Nyerere ametutafsiria kwa jina la Juliasi Kaizari, kwa hiyo kisingizio cha lugha hakipo. Kwa ufupi: Brutus, Cassius, Casca na wenzao wamemuua Caesar, mtawala wa Roma, wakihofia atajifanya mfalme; Brutus anajitetea mbele ya umati, kisha Antony, rafiki wa Caesar, anapanda kusema. Nimekichagua kipande hiki kwa sababu anayesema humo naye anashawishi. Unamjibu, na papo hapo unamwibia ufundi.

Hatua ya 1: Soma mara mbili, ya pili ukiwa na penseli

Mara ya kwanza soma tu. Cheka, chukia, sinzia ukisinzia. Mara ya pili weka alama mahali pa aina mbili pekee: uliposhtuka, na ulipojiuliza jambo. Usipige mstari kila sentensi. Ukurasa uliochorwa wote hauna tofauti na usiochorwa kabisa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea kitabu chenye maandishi matatu tu kwenye pambizo:

"Brutus kamaliza, mtu anapaza sauti: huyu ndiye awe Caesar! Si ndicho walichomuulia mwenzake?"

"Antony anaonyesha tundu la kisu cha Casca. Kwani alikuwepo?"

"Wosia! Wameusahau!"

Mistari mitatu hiyo, iliyoandikwa kwa mkono wa haraka, ilikuwa na insha tatu ndani yake. Ule wa kwanza umeona kwamba umati umempigia Brutus makofi bila kuelewa neno lake hata moja. Ule wa tatu umeona kwamba watu waliokuwa wakililia wasomewe wosia wa Caesar wanaondoka kwa hasira kwenda kuchoma nyumba, mpaka Antony mwenyewe awaite warudi, awakumbushe. Mwanafunzi akachagua ule wa pili.

Hatua ya 2: Alama iwe swali, swali liwe dai

"Kwani alikuwepo?" ni swali zuri kwa sababu lina jibu, na jibu limo kitabuni. Rudi Onyesho la Kwanza la tendo hilohilo: kabla visu havijachomolewa, Trebonius anamtoa Antony pembeni. Hakuona nani alichoma wapi. Lakini mbele ya umati analishika joho la Caesar lililotobolewa na visu na kutaja: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa cha Casca, hapa cha Brutus. Amejuaje?

Sasa swali hilo ligeuze kuwa dai. Kipimo changu cha dai ni kimoja: je, mtu mwenye akili timamu, aliyesoma kitabu hichohicho, anaweza kukupinga? "Antony ni msemaji hodari" halipingiki, kwa hiyo halina kazi. "Shakespeare ametumia takriri" nalo ni kweli, na halitufikishi popote.

Mwanafunzi wangu alianza na "Antony ni mwongo." Nikamrudishia. Uongo upi? Wosia upo, ameusoma. Taji Caesar alilikataa mara tatu, umati ulishuhudia. Akaja na "Antony anasema kweli kwa nia mbaya." Afadhali, ila nia iko moyoni, na utaithibitisha kwa lipi? Mara ya tatu akaandika: "Hotuba ya Antony inafaulu pale anapoacha kutoa ushahidi na kuanza kuuigiza." Hilo nikalipenda. Linapingika, na mtu akitaka kulipinga itabidi afungue kitabu.

Ikikuchukua siku mbili kupata sentensi kama hiyo, hujapoteza muda. Insha mbovu nyingi ninazosoma hazina tatizo la lugha. Zilianza kuandikwa kabla dai halijapatikana.

Hatua ya 3: Sogea karibu na ushahidi

Hapa ndipo panapowashinda wengi, kwa hiyo nitakawia. Hii ni aya ya rasimu yake ya kwanza:

"Antony anatumia hisia ili kuwashawishi watu. Kwa mfano, anawaonyesha joho la Caesar. Hii inaonyesha kwamba yeye ni msemaji mzuri sana na ndiyo maana watu walimwamini."

Na hii ni ileile baada ya kuifanyia kazi:

"Antony hakuwepo Caesar alipochomwa; Trebonius alikuwa amemtoa pembeni. Hata hivyo analishika joho na kuyagawa matundu: hili la Cassius, hili la Casca, hili la Brutus. Katika umati wote hakuna anayemuuliza amejuaje. Tundu wanaliona kwa macho, na jina linabandikwa juu ya tundu, basi jina nalo linaonekana kama limeonekana. Hoja zake za mwanzo, za taji lililokataliwa na fidia za mateka zilizojaza hazina ya Roma, ziliwafanya wanong'onezane. Joho linawafanya walie, na maiti ikifunuliwa wanataka moto."

Angalia kilichobadilika. Maneno "anatumia hisia" yamekufa, na mahali pake pamekuja mikono: anashika, anagawa, anabandika. Umati nao umepata hatua zake, kunong'ona, kulia, kutaka moto, kwa mpangilio uleule wa tamthilia. Na "hii inaonyesha kwamba" imeondoka. Mimi nimeipiga marufuku darasani, maana mwandishi akishaiandika hudhani amechambua, kumbe amerudia alichokisema juu yake.

Kuhusu dondoo: fupi. Neno moja likitosha, chukua neno moja. Sifa ya uungwana ambayo Antony anampa Brutus mara kwa mara ni mfano mzuri. Mara ya kwanza ni heshima ya kweli, au inapita kama heshima. Kila inaporudi inakuja baada ya jambo jema alilofanya Caesar, mpaka umati wenyewe unaitema kama tusi. Huhitaji kunakili hotuba nzima kuonyesha kinaya hicho. Fuata neno hilo moja, useme linabadilika wapi.

Hatua ya 4: Mpe mpinzani wako kiti

Baada ya rasimu hiyo nilimuuliza mwanafunzi wangu swali la kichokozi: mbona kabla ya joho mtu mmoja katika umati anasema kwamba maneno ya Antony yana mantiki nyingi? Si basi hoja zilifanya kazi? Alinuna. Kisha akaongeza aya, akikubali kwamba hoja ziliwafungua masikio, akaonyesha kuwa hakuna aliyeinuka kwa ajili ya hoja hizo. Dai lake likapungua ukubwa kidogo, likawa gumu zaidi kuangusha.

Asiyemsikiliza mpinzani amwangalie Brutus. Anasema kwa nathari nzuri, iliyopimwa: alimpenda Caesar, lakini aliipenda Roma zaidi. Anauliza kama yupo ambaye yeye Brutus amemkosea, anajibiwa hakuna, anaridhika. Halafu anaondoka, anamwachia adui jukwaa na hadhira. Kila ninaposoma pale natamani kumshika shati.

Na mpinzani si lazima awe mtu wa pili. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anajadiliana na moyo wake mwenyewe, unaong'ang'ania dunia. Haishii kuuambia kwamba dunia hupita. Anaupeleka kwenye majumba ya Pate yaliyobaki magofu, popo wananing'inia juu, na madaka yaliyokuwa ya kupangia vyombo vya thamani yamekuwa malazi ya makinda ya ndege. Moyo uliokuwa mbishi utajibu nini mbele ya daka lile?

Hatua ya 5: Toka kitabuni na ufundi ulioiba

Sasa andika insha yako ya kushawishi, juu ya jambo unalolijali. Tuseme unataka maktaba ya shule ifunguliwe Jumamosi. Aristotle alishatuambia, karne ya nne kabla ya Kristo, kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: jinsi anavyoaminika, hisia anazoziamsha, na hoja yenyewe. Usizipange kama aya tatu za insha. Ninaziona hivyo kila muhula na zinachosha. Zichanganye.

Kwa Antony chukua mambo mawili. La kwanza ni kuweka akiba. Wosia anautaja mapema, anakataa kuusoma, anausoma mwisho. Hoja yako nzito nayo isitoke yote aya ya kwanza. La pili ni kitu kinachoshikika. Hasemi Caesar alikuwa mkarimu. Anasema kila raia ameachiwa drakma 75, na bustani zake za kutembelea. Kwa hiyo badala ya "katika dunia ya leo elimu ni ufunguo wa maisha", anza hivi: "Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba iliyofungwa. Niliwahesabu."

Lakini uwe umewahesabu kweli. Hapa ndipo tunapoachana na Antony. Kuandika "asilimia 90 ya wanafunzi wanataka" bila kumuuliza hata mmoja ni kutaja jina la mwenye kisu wakati hukuwepo. Inafanya kazi, sikudanganyi. Ilifanya kazi Roma pia, na katika onyesho linalofuata umati uleule unamvamia mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake limefanana na la mmoja wa waliokula njama. Anawaambia yeye ni mshairi; wanamrarua hata hivyo. Baadaye, Tendo la Nne, Antony anaagiza wosia uletwe ili watazame ni malipo gani ya kupunguza. Sijawahi kupata mfano bora wa kuwaeleza wanafunzi kwa nini nakata alama kwa takwimu za kubuni.

Hatua ya 6: Rasimu ya pili

Iache insha usiku mmoja. Kesho yake isome kwa sauti, na pale ulimi unapokwama weka alama. Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa toleo aliloisahihisha upya, naye alikuwa na nchi ya kuongoza. Wewe una insha ya kurasa mbili.

Kisha jaribu kuikata ncha. Funika aya ya kwanza kwa mkono, usome kuanzia ya pili. Ukiona hakuna kilichopungua, ifute. Fanya vivyo hivyo na aya ya mwisho, hasa ikianza na "kwa kumalizia".

Mwanafunzi wangu alifunika aya yake ya kwanza, ile ya Shakespeare alizaliwa lini na aliandika tamthilia ngapi. Akaifuta yote. Insha aliyonikabidhi ilianza kwa maneno mawili: "Antony hakuwepo."