Kabla faili la usanidi la mashine pepe halijapotea: mambo ya kuzingatia

Ofisi nyingi ndogo hapa Arusha, za utalii na za biashara nyingine, zina seva moja tu, na ndani yake kuna mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva, mbili tatu: ya hesabu, ya booking, pengine ya mafaili ya pamoja. Siku mashine ya hesabu inapogoma kuwaka na programu inadai faili la usanidi halionekani, kila mtu anadhani hesabu zimekwenda. Mara nyingi hazijaenda popote. Faili hilo ni dogo, kazi yake ni kueleza mashine ipewe RAM kiasi gani, itumie diski ipi na ikae mtandao gani. Data iko kwenye faili la diski, kando kabisa. Kinachoua data ni haraka ya saa ya kwanza, hasa ikiwa ni tarehe 19 na ritani ya VAT inatakiwa TRA tarehe 20.

Kwa hiyo fungua folda leo, mashine ikiwa nzima, ujue kilichomo. Inategemea programu inayoendesha mashine pepe zako: VMware usanidi wake unaishia na .vmx, VirtualBox .vbox, Hyper-V ya sasa .vmcx. Nakili faili hilo, uweke nakala nje ya seva hiyo.

Halafu tazama kama kuna snapshoti, yaani alama ya hali ya mashine ilivyokuwa wakati fulani. Hapa ndipo nimeona niseme kwa kirefu, maana ndipo watu wanapoumia. Tuseme kwenye folda ya VMware unakuta hesabu.vmdk, hesabu-flat.vmdk na hesabu-000001.vmdk. Tangu snapshoti ilipopigwa, kila kitu kipya kinaandikwa kwenye hilo la 000001; diski mama (hesabu.vmdk pamoja na hesabu-flat.vmdk) haiguswi tena. Fundi akiunda mashine mpya na kuipachika hesabu.vmdk, itawaka vizuri tu, ila vitabu vitaishia siku ya snapshoti. Baya zaidi, Windows ikishawaka inaandika kwenye diski mama, na mnyororo kati yake na faili la 000001 unakatika. Miezi yote ya baadaye inakuwa mashakani. Cha kupachika ni faili la mwisho kwenye mnyororo, na kabla ya hapo folda nzima iwe imenakiliwa kwenye diski ya nje. Diski hiyo inunuliwe sasa, yenye nafasi ya kutosha, ikae ofisini.

Andika pia kwenye karatasi: mashine inawaka kwa BIOS au UEFI (njia mbili za kuwasha kompyuta), kidhibiti cha diski, kinachounganisha diski na mashine, ni cha aina gani, namba ya MAC, ile ya kadi ya mtandao, ni ipi. Windows iliyowekwa kwa UEFI haitawaka kwenye mashine mpya ya BIOS, na ukibadilisha kidhibiti unaweza kupata skrini ya bluu ukadhani diski imeharibika, kumbe nzima. MAC ikibadilika, anwani ya IP iliyotengwa kwenye ruta nayo inapotea, na leseni za baadhi ya programu zinakataa.

Kama mashine imefungwa kwa usimbaji (encryption), mambo ni mengine kabisa. Kwa VMware, funguo za usimbaji zimo ndani ya .vmx yenyewe, likipotea bila nakala, nywila peke yake haitakusaidia. Wanaotumia BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, wachapishe ule ufunguo wa tarakimu 48 na kuufungia kabatini.

Bila nakala, bado kuna pa kutafuta. VirtualBox huacha .vbox-prev pembeni. VMware huandika usanidi wote ndani ya vmware.log, faili la kumbukumbu za matukio (logi), kila mashine inapowaka, lakini logi za zamani hufutwa kadiri unavyowasha upya, kwa hiyo usiwashe-washe kubahatisha. Kwenye Proxmox, programu nyingine ya mashine pepe, usanidi uko ndani ya config.db, kwenye diski ya mfumo. Bakapu za vzdump, chombo cha Proxmox cha kutunza nakala, nazo hubeba usanidi.

Masika, wageni wakiwa wachache, fanya jaribio. Chukua kompyuta nyingine, unda mashine mpya bila faili la usanidi, pachika nakala ya diski, si diski yenyewe, na uzime mtandao wake ili isigongane na ile inayofanya kazi. Mwite mhasibu afungue programu ya hesabu, atafute risiti ya mwisho aliyoiingiza, alinganishe na karatasi iliyo mkononi mwake. Zikitofautiana, rudi kwenye folda ukatafute snapshoti uliyoiruka.