Pilipili mbuzi kwenye baridi ya bara
Wenzangu wa Malindi mnaowapelekea ndugu wa bara mbegu za pilipili mbuzi, kisha mnaambiwa mche umedumaa: waambieni wapande kwenye ndoo nyeusi iliyotobolewa chini, waiweke karibu kabisa na ukuta wa mawe unaopigwa na jua la alasiri. Ukuta na ndoo hufyonza joto mchana na kulitoa polepole usiku, na usiku ndipo penye shida. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi, maua mengi hupukutika bila kufunga tunda. Dada yangu wa Limuru alihamisha ndoo tu, mbolea hakuongeza, na sasa anachuma. Maji yamwagwe asubuhi, maana ya jioni huupoza udongo.

Julai mambo hugoma: mawingu yakitanda siku nzima, ukuta hauna joto la kuweka. Hapo ndoo ilale jikoni. Na penye umande unaoganda alfajiri, ukuta hautoshi.

Huku kwetu msijaribu! Kaskazi ikishika, ndoo nyeusi ukutani huchemsha mizizi. Yetu tuiweke chini ya mwembe, kwenye kivuli chepesi.